Kwa nini muvi za zamani za vita zenye kikosi cha mastaa hazichoshi hadi leo?

Msomaji ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nina miaka 22. Juzi mzee wangu alinikalisha tukaangalia The Great Escape, karibu masaa matatu, nikajua hapa nalala tu. Sikulala. Sasa naona hata vijana wenzangu mtandaoni wanazisifia hizi muvi, mara The Guns of Navarone mara The Dirty Dozen, zote zina zaidi ya miaka 50 na milipuko yenyewe unaona kabisa ni ya kuigiza. Halafu muvi mpya ya vita yenye kila kitu naimaliza leo, kesho sikumbuki jina la mtu hata mmoja. Ni mazoea ya wazee tu au kuna kitu humo ndani? Na nikitaka kuendelea niangalie zipi?"

Marahaba mdogo wangu. Umenigusa kwenye eneo langu, nimekaa sana kwenye vyumba vya uhariri na madarasa ya skripti na nikianzishwa kwenye hizi muvi sinyamazi, kwa hiyo vumilia.

Kinachotushika humo ni kazi. Vita ni mahali tu ambapo hiyo kazi inafanyika. Iangalie tena The Great Escape (1963), ile ya mateka wa vita wanaochimba watoroke kambi ya Wajerumani, uone risasi zinachukua muda gani, ni kidogo mno, muda mwingi unaangalia watu wako bize na ufundi wao. Huyu anachimba, yule anaghushi vitambulisho, mwingine anageuza sare na mablanketi kuwa suti za kiraia, mwingine shughuli yake ni kumlainisha mlinzi wa Kijerumani mpaka kamera ipatikane, halafu kuna jamaa yeye anashughulika na mchanga basi. Mchanga unaotoka chini una rangi tofauti na wa juu, sasa utaumwaga wapi walinzi wasigundue? Wakashona vifuko virefu vinavyoning'inia ndani ya suruali, unatembea uwanjani kama huna habari, unavuta kamba, mchanga unamwagika miguuni unaukanyagakanyaga taratibu huku unapiga stori. Hiyo sini nimeshaiona mpaka naijua kwa moyo na bado inanichekesha.

Na hilo la vifuko halikutungwa. Kambi yenyewe ilikuwepo, Stalag Luft III, pale Sagan ambapo leo ni Żagań nchini Poland. Wafungwa walichimba mahandaki matatu wakayapa majina Tom, Dick na Harry, mbao za vitanda zikashikilia mchanga usiporomoke, makopo matupu ya maziwa ya unga yakaungwa yakawa bomba la hewa. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 walipanga watoke watu 200, wakatoka 76. Kati ya hao 73 walikamatwa, na 50 wakauawa kwa amri ya Hitler. Waliofika salama ni watatu, Wanorwe wawili na Mholanzi mmoja. Mkanada Wally Floody, mchimba migodi aliyekuwa mmoja wa mafundi wakuu wa yale mahandaki, ndo alikuja kuwa mshauri wa muvi. Kwa hiyo Charles Bronson anapotambaa kwenye lile tundu ujue kuna mtu amesimama pembeni ya kamera ambaye aliwahi kutambaa kweli, na Bronson mwenyewe ujanani alifanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe Pennsylvania, ile sura hakuhitaji kufundishwa.

Sasa kwa nini kazi inatushika kuliko mapigano? Kwanza kuna sababu ya kawaida kabisa ya kumbukumbu. Mtu ukimjua kwa kazi yake humsahau, hata jina lake likikutoka. Mwambie mzee wako "yule mghushi" au "yule wa kuchimba" atajua moja kwa moja unamsema nani. Lakini waandishi wazuri wa zile skripti hawakuishia hapo, walichukua ule ufundi wa mtu wakaweka udhaifu wake palepale. Mghushi anapofuka macho. Mchimbaji anaogopa kufungiwa sehemu nyembamba. Kumbuka ile sini ya Donald Pleasence, ndo huyo mghushi, anataka kumthibitishia kamanda kwamba bado anaona, ameshaweka pini sakafuni mapema, amekariri ilipo, anatembea anaiokota kama mtu mzima wa macho. Kamanda haongei, anatega mguu tu, Pleasence anajikwaa anaanguka. Basi imeisha. Hakuna aliyekuhutubia kwamba huyu bwana anateseka, kazi yake ndo imesema.

The Guns of Navarone (1961), ya kikosi kinachotumwa kulipua mizinga ya Wajerumani kisiwani, inafanya hivyohivyo na mimi naona inafanya kwa ukatili zaidi. Stanley Baker ni Brown, mtaalamu wa kisu, ameua kwa mkono kwa miaka mingi na ndo maana amechukuliwa. Tatizo amechoka kuua. Mara ya kwanza anasita, wenzake wanaona, kiongozi anamuuliza. Mwishoni kule kule kwenye kazi yenyewe anasita tena, na safari hii kusita kunamuua. Na kuna Mallory, Gregory Peck, ambaye anamdanganya mwenzao aliyevunjika mguu kuhusu mpango, makusudi, akijua Wajerumani watamkamata watampa dawa ya kumfanya aseme ukweli na atasema ule uongo kwa moyo mweupe. Unaelewa uzito wake? Kiongozi amemgeuza rafiki aliyejeruhiwa kuwa silaha bila kumwambia. Miller, yule wa vilipuzi, anachezwa na David Niven, anawaka, na mtazamaji unabaki katikati maana wote wawili wana hoja. Umesema milipuko inaonekana ya kuigiza, sawa, ile muvi ilichukua Oscar ya ufundi wa picha za ajabu wakati wake na leo kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaipita. Ila ule ugomvi wa Miller na Mallory haujazeeka hata siku moja.

Halafu kuna suala la kukusanya kikosi. Mfumo huu wa kumtafuta mmoja mmoja, kila mtu na sini yake ya kuingilia, uliwekwa vizuri na Akira Kurosawa kwenye Seven Samurai (1954) kule Japani. Wanakijiji wanatafuta samurai wa kuwalinda na majambazi, hawana hela, wana wali tu wa kulipa, na mzee Kambei anapima watu kwa kumficha kijana na rungu nyuma ya mlango, anayeingia anapigwa tuone atafanya nini. Mmoja anakwepa na kumkamata aliyemshambulia, mwingine anasimama nje ya mlango anacheka, ameshajua kuna mtu. Kwa sini moja umewajua wote wawili. Mwaka 1960 dairekta John Sturges akaihamishia kwenye muvi za makauboi wa Marekani, The Magnificent Seven, na humo alikuwa na Steve McQueen, Bronson na James Coburn, na miaka mitatu baadaye akawabeba haohao watatu kwenda nao kwenye The Great Escape. Kwa hiyo uliloangalia na mzee lina babu Mjapani, watu wengi hawalijui hilo.

Utaona pia hizi muvi hazina haraka. Kwenye The Great Escape zaidi ya nusu ya muvi inapita kabla mtu hajatoka handakini. The Dirty Dozen (1967) inakwenda masaa mawili na nusu na shambulio lenyewe liko mwishoni, sehemu kubwa yote ni mazoezi, matusi, adhabu na vichekesho. Mtayarishaji wa leo angesema kata hapo, watu watachoka. Akikata tu ameua, kwa sababu ule muda ndo unaotumika wewe kuwazoea. Lee Marvin anapewa wahalifu 12 wa kijeshi, baadhi wamehukumiwa kunyongwa, hawapendani, hawamtaki, kila mtu na lake. Je, wanakuwa kikosi lini? Wala sio kwenye mapigano. Ni asubuhi moja wanapogoma kunyoa kwa maji ya baridi. Aliyeanza ni Franko, yule mkorofi wa John Cassavetes, wengine wakamfuata, na mkubwa wao badala ya kukasirika anafurahi kimoyomoyo, anawanyang'anya vifaa vya kunyolea na sabuni wakae wachafu hivohivo, kwa sababu ameona kitu alichokuwa anakitafuta, kwa mara ya kwanza wamekubaliana jambo moja hata kama jambo lenyewe ni kumpinga yeye. Hiyo sini huwa nawapa wanafunzi wangu waandishi waichambue kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa mapigano.

Ndo maana wakianza kufa inauma. Sote tumekua na ile sheria kwamba stelingi hafi, utamuona anapigwa risasi ishirini anainuka anafuta vumbi. Humu stelingi wako saba au kumi na wawili na sheria haiwalindi. Kwenye Seven Samurai wanakufa wanne kati ya saba, na wote wanne wanauawa kwa bunduki, sio kwa panga, hata yule bingwa wa upanga ambaye hakuna aliyeweza kumgusa. Kwenye The Dirty Dozen kati ya wale 12 anabaki mmoja. Na kwa kuwa kila mmoja umemjua kwa kazi yake, akianguka mtu unajua hapohapo ni kazi gani imebaki haina mtu, na nani sasa ataifanya, na je ataiweza. Taharuki inatoka pale. Ni kama timu yako imepewa kadi nyekundu golini.

Niingie kidogo kwenye ufundi wa kamera maana hili huwa halisemwi. Muvi nyingi za aina hii za miaka ile zilipigwa kwa picha pana, ile ya upana zaidi ya mara mbili ya kimo. The Great Escape, Navarone, The Longest Day, zote. Kwenye fremu pana hivo unaweza kuweka watu sita mezani kwa pamoja na usikate, mmoja anaongea, wa pili anawasha sigara, wa tatu kageuza uso hajapenda kilichosemwa, na mtazamaji unachagua mwenyewe umwangalie nani. Uhusiano wa watu unauona ukitokea ndani ya picha moja. Muvi nyingi za sasa zinakata uso kwa uso, sekunde mbili huyu, sekunde mbili yule, wote wana helmeti na matope usoni, sasa utamjuaje mtu? Black Hawk Down (2001) ilibidi majina yaandikwe mbele ya helmeti, na hata hivyo mimi nilipotea.

Hapa nitofautishe jambo. Mastaa wengi peke yao hawatengenezi kikosi. The Longest Day (1962), ya uvamizi wa Normandy kule Ufaransa, ina John Wayne, Henry Fonda, Robert Mitchum, Sean Connery, Richard Burton na wengine chungu nzima, ni kazi kubwa, naiheshimu, hasa uamuzi wa kuwaacha Wajerumani waongee Kijerumani na Wafaransa Kifaransa wakati Hollywood ilizoea kila mtu aongee Kiingereza cha lafudhi. Lakini ni gwaride la sura. Staa anaingia, anasema lake, anaondoka, na wewe unajikuta unacheza mchezo wa "huyu nimemuona wapi". A Bridge Too Far (1977) nayo ni hivohivo, japo inajitetea kwa sababu inasimulia operesheni iliyofeli, Arnhem kule Uholanzi Septemba 1944, na kutawanyika kwa watu ndo stori yenyewe. Ukiniuliza mimi, kikosi ni lazima kikae chumba kimoja kitukanane.

Kitu kingine kisichoweza kununuliwa leo ni kwamba waigizaji wengi wa kipindi kile walishapita jeshini kweli. Niven aliacha Hollywood mwaka 1939 akarudi Uingereza kupigana na akamaliza vita akiwa luteni kanali, halafu kwenye Navarone anacheza koplo anayekataa katakata kupewa cheo. Lee Marvin alikuwa askari wa majini wa Marekani na alijeruhiwa kwenye kisiwa cha Saipan mwaka 1944. Bronson alikuwa mpiga bunduki kwenye ndege za mabomu za B-29. Pleasence ndege yake ilitunguliwa akawa mateka wa Wajerumani, kwa hiyo kambi ya mateka kwake haikuwa seti. Na Richard Todd aliruka na parashuti Normandy tarehe 6 Juni 1944, kisha kwenye The Longest Day akamcheza Meja John Howard, ofisa ambaye Todd alikutana naye usiku uleule kwenye daraja ambalo Howard na watu wake walikuwa wameliteka. Hawa hawaigizi ushujaa. Angalia wanavyokaa, wanavyoshika bunduki kama mzigo, wanavyosubiri. Na waliokuwa wamekaa kwenye viti vya sinema miaka ile wengi nao walishavaa sare, ukiwadanganya kwenye mambo madogo wanakucheka palepale.

Kwenye mambo makubwa walidanganywa sana tu, hilo nalo tuseme. Ile pikipiki McQueen anayotorokea kwenye The Great Escape haikuwepo kwenye tukio la kweli, na aliyeruka ule uzio ni rafiki yake Bud Ekins, fundi wa pikipiki. Usiku wa kutoroka hakukuwa na Mmarekani kati ya wale 76, walisaidia mwanzo ila wakahamishiwa sehemu nyingine ya kambi kabla ya siku yenyewe, muvi ikawarudisha kwa sababu tiketi zinauzwa Marekani. Navarone hakuna kisiwa cha namna hiyo kabisa, kimetungwa. Wanawake hawana nafasi, wakiwepo ni wawili kama Navarone na mmoja anageuka msaliti. Wajerumani wanakufa kama mainzi. Na ule mwisho wa The Dirty Dozen, watu wamefungiwa chini, wake kwa waume, petroli inamwagwa, mabomu yanafuata, mimi kila nikifika hapo sijisikii vizuri na nadhani dairekta Robert Aldrich alitaka iwe hivyo, ilikuwa 1967 na Vietnam inawaka.

Kwa hiyo mazoea ya wazee yapo, sikatai, ule muziki wa The Great Escape wa Elmer Bernstein umepigwa mpaka mashabiki wa timu ya taifa ya England wakaufanya wa uwanjani. Lakini mazoea yasingekushika wewe wa miaka 22 ambaye hukuwa na kumbukumbu yoyote nayo. Na ushahidi mwingine ni kwamba muvi mpya zinazofuata njia hii zinakaa. Saving Private Ryan (1998) kila mtu anataja ile sini ya vita ya ufukweni, mimi nasema iliyobaki ni ile safari ya watu wanane, mdunguaji anayesali kabla ya kufyatua, mkalimani ambaye hajawahi kupigana, kepteni ambaye vijana wake wanawekeana dau la hela kubashiri alikuwa anafanya kazi gani kabla ya vita. Unaona, kazi tena. Dairekta Steven Spielberg aliwapeleka waigizaji kwenye mafunzo makali ya kijeshi, akamwacha Matt Damon, anayecheza huyo Ryan wanayemtafuta, nje makusudi ili wenzake wamchukie kidogo, na ile chuki unaiona kwenye sura zao. Dunkirk (2017) ni kesi nyingine, pale majina ya watu hayatajwi sana kwa kusudi, dairekta anataka uhisi umati, kwa hiyo usiilaumu kwa kitu ambacho haikukitafuta.

Haya, za kuendelea nazo. Navarone mwangalie na mzee, halafu mbishane kama Mallory alifanya sahihi. Seven Samurai ni dakika 207, tenga siku, usiigawe vipandevipande. Das Boot (1981) ya Wolfgang Petersen ni manowari ya Kijerumani, yaani safari hii uko na wale waliokuwa wanakufa kama mainzi kwenye nyingine, na waigizaji walizuiwa kukaa juani ili sura zibaki zimepauka kama za watu wa chini ya maji. Usiruke The Dawns Here Are Quiet (1972) ya Umoja wa Kisovieti, sajenti mmoja na wasichana watano wa jeshi dhidi ya Wajerumani msituni, Stanislav Rostotsky aliyeiongoza alijeruhiwa vibaya vitani na akapoteza mguu, na wale wanaosema mfumo huu ni wa wanaume tu waanzie hapo.

Mwisho weka Kelly's Heroes (1970), hiyo ni ya kucheka. Waliipiga Yugoslavia kwa sababu jeshi la kule lilikuwa bado na vifaru vya Kimarekani vya Sherman vinavyotembea. Clint Eastwood na wenzake wanasikia kuna dhahabu ya dola milioni 16 kwenye benki nyuma ya mstari wa adui wanaamua kuifuata, vita yenyewe hawana habari nayo. Wanafika, mlangoni kuna kifaru cha Tiger kimebaki kimoja na hawana cha kukipiga. Wanachofanya ni kumfuata kamanda wake wa Kijerumani, wanaongea naye biashara, wanampa fungu lake, na yeye ndo anaupasua mlango wa benki kwa mzinga wake.